Meza za Wakwe

Ashgrove ilifungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu, na mimi sikulia. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna watu wa Lavington waliokuja siku hiyo kutulilia. Walipiga picha baraza na meko, wakakumbatiana chini ya mti wa lango, wakasema Nairobi haitapata tena mkahawa kama ule. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga pale kwa miaka mitano. Kila aliyelia angekuja kula mchana mmoja tu kwa mwezi, leo tungekuwa bado wazi, na machozi yake yangebaki kwake.

Jina langu ni Mercyline Nafuna, au Mama Mourine ukitaka. Nilihudumu Ashgrove miaka ishirini na sita, na ile kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa mkuu wa ukumbi. Mkuu wa ukumbi hapiki wala habebi trei. Yeye ndiye anayekupokea mlangoni na kuamua utakaa wapi, karibu na nani na mbali na nani. Akikosea yeye, hata nyama iwe laini namna gani utaondoka umenuna bila kujua sababu. Nimekalisha mabalozi na majaji. Nimemkalisha bwana mmoja aliyekuja na mke saa saba mchana na mwingine saa moja jioni, wote wakapata meza ya dirishani, na hakuna aliyepata habari za mwenzake. Sijisifu. Kazi naijua, basi.

Biashara ilikuwa ya kina Kimotho tangu mzungu aliyeianzisha alipowauzia na kurudi kwao, lakini ardhi haikuwa yao. Mkataba ulipokwisha, mwenye ardhi akataka kujenga maghorofa. Ciru Kimotho, mjukuu wa ile familia, akabaki na jina, sahani, viti na sisi wahudumu tisa. Msichana wa miaka thelathini na mbili, mpole, lakini akikata shauri hageuki. "Ashgrove haijakufa," alituambia siku ile ya kufunga. "Inahama."

Ilihamia Riruta Satellite, mwendo wa nusu saa kwa miguu ukishuka kupitia Kawangware. Mzee Mburu, ndugu mdogo wa baba yake Ciru, ana jengo la ghorofa nne pale, na ghorofa ya chini ilikuwa tupu. Familia yake iko Kawangware tangu enzi za mashamba, na nusu ya watu wa mtaa ule ni wapangaji wake au walishawahi kuwa. Alitupa nafasi, lakini kwa sharti lake, na sharti lenyewe ndilo lililonikosesha usingizi.

"Ciru, huku si Lavington," alituambia siku alipokuja kuona ukumbi, mikono nyuma, kofia kichwani. "Mtu wa Kawangware anataka alipe, apewe sahani, akule, aende. Hiyo mambo ya kukalishwa na kuitwa madam itawamaliza. Wekeni kaunta, watu wapige laini. Weita watatu wa kupanguza meza wanatosha."

"Na hao sita wengine?" Ciru akauliza.

Mzee Mburu alianza kupima kwa hatua mahali pa kaunta.

Hapo nikaingilia mimi. "Mzee Mburu, wewe umezaliwa hapa. Kuna mtu amewahi kukuvutia kiti?"

"Kiti yangu navuta mwenyewe."

"Basi hujui unakataa nini."

Ciru alinikanyaga mguu, na nikanyamaza, lakini nilikuwa nimeshasema. Watu wa Kawangware na Kibera ndio waliokuwa wakivuta viti vya Lavington miaka hiyo yote. Mimi mwenyewe nakaa Silanga, ndani ya Kibera. Kwa nini sisi tupige laini kama tuko zahanati, na heshima ibaki kule juu ya barabara? Hilo ndilo nililotaka kumwambia, na siku moja nilimwambia, lakini si siku ile.

Mwishowe walikubaliana hivi. Tungefungua kwa jaribio la Jumapili moja, kwa huduma ya mezani kama ilivyokuwa Ashgrove. Kwaya moja ya Kisumu Ndogo, kule Kibera, ilikuwa imempigia Ciru simu na kuweka nafasi ya watu sitini na wawili baada ya ibada, kusherehekea miaka kumi ya kuimba pamoja. Mzee Mburu angekuja kuona kwa macho yake. Mambo yakienda sawa, wahudumu wote tisa wabaki. Yakiharibika, kaunta. Na kwa sababu yeye ni mtu wa kutopoteza wakati, siku hiyohiyo angekuja na seremala wa kupima kaunta.

Sasa nilieleze kosa langu, maana lilikuwa langu peke yangu. Ile ghorofa ya chini ilikuwa imegawanywa vyumba vitatu kwa kuta za mbao. Mimi ndiye niliyemwambia Ciru azing'oe. Nilitaka nikisimama mlangoni nione kila meza, kila kikombe kisichojazwa. Kuta ziliondoka, ukumbi ukawa mmoja, mpana, mweupe, na nikaupenda kuliko hata ule wa zamani. Miaka ishirini na sita ya kuwahudumia watu wanaoweza kukaa mbele ya mtu yeyote ilikuwa imenisahaulisha watu wangu mwenyewe ni akina nani.

Jumapili ilipofika nilikuwa mlangoni tangu saa tano, blauzi nyeupe, nywele nimefunga. Vitambaa vilikuwa vimepigwa pasi. Jikoni kulinukia kuku wa kienyeji na mboga ya mrenda, na ile nyama ya kuchoma kwa oveni ya Ashgrove ambayo sasa ingeliwa na ugali wa wimbi. Mzee Mburu alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni na seremala wake, na wote wawili walikuwa wameketi pembeni karibu na dirisha. Seremala alikuwa ameshikilia futi yake ya kupimia kama mtu anayengoja kuitwa.

Saa saba kasoro nikasikia kwaya inakuja na wimbo. Nikanyoosha blauzi, nikatoka hatua moja nje, na nikamwona aliyewaongoza. Shati la zambarau, mabega mapana, kitabu cha nyimbo mkononi. Maurice Nalianya, mume wa binti yangu Mourine. Nilijua anaimba, lakini sikujua ni kwaya ile.

Nilirudi ndani mbio. Sikuwa nimekimbia hivyo tangu shule. Nilipita meza zote, nikapita Mzee Mburu, nikaingia jikoni na kujibana kati ya friji na gunia la viazi.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu Bukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono na hawakai chumba kimoja, na kula mmoja mbele ya mwenzake ni aibu kubwa. Baba mkwe na mke wa mwanawe ni vivyo hivyo. Si chuki. Ni heshima, na ni nzito kuibeba. Mjini wengi wamelegeza. Mimi sijalegeza, na Nalianya, ambaye ana karakana ya kuchomelea vyuma Kisumu Ndogo, ndiye mbaya zaidi. Miaka mitatu amekuwa mkwe wangu. Tunaongea vizuri kwa simu, hunitumia sukari na sabuni, lakini akiniona mbali kwenye njia za Kibera hukata kona ya kwanza anayoipata, hata kama kona hiyo inaishia chooni kwa watu. Nampenda sana kijana yule. Baadaye Mourine aliniambia ni Nalianya aliyeichagua Ashgrove, ili aniletee wateja. Alidhani mkuu wa ukumbi hukaa ofisini.

Ciru alinikuta pale. "Auntie Mercy, wageni wako mlangoni na wewe uko hapa na viazi?"

"Yule wa shati ya zambarau ni mkwe wangu."

"Si ni poa! Ni family!"

"Ciru, siwezi kuingia mahali anakula."

"Huwezi aje? Si unamsalimia tu?"

Wesonga alikuwa ameingia nyuma yake. Tumehudumu pamoja miaka kumi na tisa, ni mtu wa kwetu, na hakuhitaji kuelezwa. "Hawezi," alisema. "Mathe huyu akiingia, yule anatoka. Na yule akitoka, kwaya yote inatoka, maana ndiye anawaongoza."

Ciru alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaangalia kupitia tundu la mlango, pale Mzee Mburu alipokuwa akitazama saa yake, na uso ukamshuka.

Nami nilikuwa nimeshapiga hesabu ile. Nikibaki jikoni, ukumbi ungekuwa bila kichwa, watu sitini na wawili wangegongana, na Mzee angepata kaunta yake kabla ya supu. Nikitoka, ningewafukuza wageni wangu mwenyewe, na habari ingefika kwetu Bungoma kabla ya jua kutua. Nilijikasirikia. Kuta nilizing'oa mimi. Mimi, mwanamke wa Kibukusu wa miaka hamsini na mmoja, nilijenga ukumbi ambao mimi mwenyewe siwezi kuutumia.

Lakini hasira zangu zina faida moja, zikifika mwisho hugeuka kazi. Nyumbani mama mkwe hukaa jikoni, mkwe hukaa sebuleni, na ukuta wa udongo kati yao unatosha. Kwa hiyo tulichohitaji ni ukuta tu.

"Wesonga, zile pazia za mbao za kukunja ziko wapi, zilizokuja na lori?"

"Stoo. Ziko nne."

"Simamisha mbili kwa meza ya kona, karibu na mlango wa baraza. Mpeleke Nalianya na waimbaji wa besi wakae nyuma yake. Mwambie ni meza ya kiongozi. Akishakaa, uniite."

Alikwenda. Nilisikia viti vikiburutwa, nikasikia Mzee Mburu akiuliza, "Hii ni nini sasa, mnahama tena?" Kisha Wesonga akarudi, na uso wake haukunipendeza.

"Ameketi. Lakini mathe, si yeye peke yake. Mzee Mukhwana, mwenyekiti wao, amekuja, na mke wa kijana wake ni soprano. Huyo dada anasema atangoja kwa steji ya boda mpaka mzee amalize kula. Na kuna mama mwingine anaomba chakula chake afungiwe kwa karatasi."

Hapo ndipo niliposhika ukingo wa friji na kucheka. Bila shaka. Nimekwenda kwenye sherehe ngapi za kanisa Kibera, nikaona mama mmoja anakula nyuma ya hema, mwingine anabeba sahani nyumbani, mwingine anasema ameshiba? Wote tunajua kwa nini, na hakuna anayelisema. Watu wetu hawaendi hotelini kwa familia, na mtu kama Mzee Mburu akiona hivyo husema hawapendi kuhudumiwa. Hawana mahali pa kukaa, basi.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka jengo, nikasimama mlangoni pangu. Nalianya alikuwa nyuma ya mbao, sikumwona na hakuniona. Kwaya ilikuwa bado imesimama makundi makundi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa.

Ashgrove, kabla mgeni hajaketi, tulimwuliza kwa sauti ya chini kama kuna chakula kinachomdhuru. Niliinama kwa yule wa kwanza, mama mnene aliyevaa kitenge, nikamwuliza kwa sauti ileile, "Mama, kuna mtu hapa ambaye huwezi kula mbele yake?"

Alinitazama kwa mshangao. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Yuko," alinong'ona. "Yule mrefu. Ameoa mtoto wangu Whitney."

Niliwauliza wote waliobaki mbele yangu, mmoja mmoja. Wengine walicheka wakasema hakuna. Wengine walianza kusema hakuna, kisha wakageuka na kuninong'oneza jina. Nilipata jozi tisa. Mbili hazikuwa za mila. Mama mmoja hakutaka kula mbele ya jirani yake kwa sababu wanagombania kamba ya kuanikia nguo, na sikumhukumu.

Sitasema ilikuwa kazi rahisi, lakini ilikuwa kazi yangu. Pazia mbili zilizobaki nilizipanga katikati. Kabati la vikombe tulilivuta likawa ukuta. Mzee Mukhwana nilimpa meza ya baraza pamoja na wazee wenzake, mahali pa upepo, akadhani nimempendelea. Mke wa kijana wake aliitwa kutoka steji na kuketishwa ndani kabisa, mgongo kwa dirisha. Wahudumu wanane walisoma ishara za vidole vyangu kama zamani, na kwa dakika ishirini ukumbi ule ulizunguka mpaka kila mtu akawa na kiti, na hakuna aliyeona asiyepaswa kumwona.

Kisha chakula kikatoka, na watu wakala. Sijui niseme vipi walivyokula. Yule soprano aliomba mrenda mara mbili. Mtu alianza wimbo akiwa barazani, sauti ya pili ikaitikiwa ndani, na besi zikaingia kutoka nyuma ya mbao. Wote waliimba pamoja, midomo imejaa, bila kuonana. Nilisimama katikati yao na nikaona fahari ambayo Lavington haikuwahi kunipa.

Nilipopita karibu na meza ya kona nilisikia sauti upande wa pili, ya chini, ya heshima. "Mama?"

Nilisimama, nikaangalia mbao. "Nalianya."

"Chakula ni kitamu, Mama. Sikujua unafanya kazi namna hii."

"Kula, baba. Kuna kuku mwingine."

Nikaenda kusahihisha vijiko ambavyo havikuwa na kosa.

Wageni waliondoka saa kumi, na Nalianya alitoka kwa mlango wa baraza nikiwa nimegeukia jikoni. Nilipogeuka, Mzee Mburu alikuwa bado pale pembeni. Wesonga alikuwa amewapelekea sahani yeye na seremala wake, na zote mbili zilikuwa tupu. Ciru aliketi mbele yake, ameshika kikombe kisicho na kitu.

"Kaa, Mama Mourine," Mzee alisema.

"Nikiwa kazini sikai."

"Basi simama." Aligonga meza kwa kidole. "Kwa kaunta wangepiga laini moja."

"Ndiyo, Mzee. Nalianya, mkwe wangu, mbele, mimi nyuma yake na sahani mkononi. Mzee Mukhwana na mke wa kijana wake wakigusana viwiko. Ungeuza sahani ishirini, wengine wangesema wameshiba." Nikaona bora niyamalize yote. "Hawa watu ndio wanahitaji weita kuliko wale wa kule juu. Wale wangekula hata bila sisi."

Alisogeza sahani yake tupu kando. Nje bodaboda zilikuwa zikipiga honi.

"Ciru amenieleza. Kila mtu aliyeingia hapa umemuuliza hilo swali lako," Mzee akasema. "Mimi hukuniuliza."

"Wewe ulikuja kupima, Mzee. Hukuja kula."

"Niulize."

Nilifikiri ananitania, lakini uso wake haukuwa wa utani. Niliinama kama nilivyowainamia wengine. "Mzee Mburu, kuna mtu ambaye huwezi kula mbele yake?"

"Wakarima," alisema.

Ciru aliweka kikombe chini polepole. Wakarima ni kitinda mimba wa Mzee. Miaka minne iliyopita aliolewa na kijana wa Kisumu Ndogo, mwana wa wauza dagaa wa omena, baba yake akakataa kwenda harusini, na tangu siku hiyo hawajakaa meza moja. Satellite nzima inalijua jambo hilo, na hakuna anayelitaja mbele yake kwa sababu kila mtu ana kodi ya mwisho wa mwezi.

"Na yangu si mila," alisema. "Nyinyi yenu ni heshima. Hii yangu ni kichwa ngumu tu."

Nilitaka kumhurumia, lakini niliona huruma si kitu alichokiomba. Alikuwa mgeni ameketi kwenye meza yangu, ameniambia shida yake. "Mlete Jumapili," nikasema. "Nitamweka upande mmoja wa mbao, wewe upande wa pili. Mtasikiana mkila."

"Halafu?"

"Nitakuwa nimesimama hapo. Nikisikia mnaongea, nitaikunja pazia."

"Na tusipoongea?"

"Nitaleta chai. Msipoongea, nitaleta chai ingine."

Alivua kofia, akapitisha mkono kichwani, akaivaa tena. Kisha akamgeukia seremala na kumwambia aende nyumbani, hapa hapana kitu cha kupima. Seremala alikunja futi yake, akamshukuru Ciru kwa chakula, akatoka. Ciru aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Nilichukua kitabu cha wageni pale mlangoni, nikarudi nacho na kalamu. "Saa ngapi, Mzee?"

"Saa saba."

"Watu wangapi?"

"Watatu. Mimi, yeye, na huyo bwana yake." Nikaandika watatu. Alikuwa ameangalia dirishani, upande wa barabara. "Futa hiyo," alisema. "Andika wanne. Nasikia kuna mtoto."